Tuwaulize kwa Maandishi: Watarudi Lini Kutoka Somalia?



Jumamosi ya tarehe 15 Oktoba 2011, mawaziri wawili waliketi mbele ya waandishi wa habari: George Saitoti wa Usalama wa Ndani na Yusuf Haji wa Ulinzi. Walisema Kenya itawafuata wapiganaji wa kundi la al-Shabaab hadi ndani ya Somalia. Kesho yake magari ya deraya yalikuwa yamekwisha kuvuka mpaka. Operesheni ikapewa jina Linda Nchi. Wabunge wetu walipata habari kama mimi na wewe tulivyozipata, jambo likiwa limekwisha kutendeka.

Tangu hapo Ikulu imebadilisha mwenyeji mara mbili. AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika nchini Somalia ambacho jeshi letu lilijiunga nacho, kiligeuka ATMIS mwaka 2022, na ATMIS ikageuka AUSSOM Januari 2025. Ila hadi leo hakuna aliyetuandikia ni jambo gani likitimia ndipo wanajeshi wetu watarudi nyumbani. Nawaomba tudai maandishi hayo, tuyadai pamoja, na tuyadai kabla kampeni za 2027 hazijatuziba masikio.

Kumbukeni sababu tulizopewa. Mwanzoni ilikuwa utekaji nyara: wageni wa Kiwayu na Manda, kisha wafanyakazi wawili wa shirika la madaktari waliochukuliwa kwenye kambi ya wakimbizi ya Dadaab siku chache kabla ya majeshi kuvuka. Hiyo ilikuwa sababu nzito, na mtu wa Lamu aliyeona hoteli zikifungwa hahitaji kufundishwa uzito wake. Lakini nyaraka za wanadiplomasia wa Marekani zilizovuja zinaonyesha kwamba mapema mwaka 2010 Waziri wetu wa Mambo ya Nje wakati huo, Moses Wetang'ula, alikuwa akiwaomba Wamarekani waunge mkono mpango wa Kenya kuhusu Jubaland, eneo la Somalia linalopakana nasi. Wazo la kuingilia Somalia lilikuwapo kabla ya utekaji huo. Baadaye tukaambiwa lengo ni kuuteka mji wa bandari wa Kismayo, halafu eneo la kukinga mpaka, halafu kuwawezesha wakimbizi warudi kwao, halafu kulinda amani kwa niaba ya Umoja wa Afrika.

Kila sababu huja na kipimo chake cha kumaliza kazi. Kama tulikwenda kuwasaka watekaji, kazi ile ilikuwa ya wiki, si ya miaka. Kama ni Kismayo, mji ulianguka mwishoni mwa Septemba 2012. Kama ni wakimbizi, Dadaab ingali palepale. Kama ni kuwamaliza al-Shabaab, basi aseme mkuu mmoja wa jeshi, hadharani, kwamba askari elfu chache wa Kenya wakisaidiana na majirani wanaweza kulimaliza kundi hilo, na kwa muda gani. Sababu zimebadilishwa mara nyingi hata tarehe ya kurudi imepotelea njiani.

Sisemi warudi kesho asubuhi. Wanaotaka tubaki wana hoja, na si haki kuwaita wapenda vita. Bandari ya Kismayo ilikuwa ikiwalipa al-Shabaab ushuru, na kuipoteza kuliwaumiza. Tena tunajua yanayotokea jeshi likiondoka bila mpango: Ethiopia iliondoa vikosi vyake Januari 2009, na Baidoa, mji uliokuwa makao ya bunge la Somalia, ukaangukia mikononi mwa al-Shabaab wakati huohuo. Anayedai tuondoke ni lazima aeleze nani ataishika Kismayo siku ya pili yake.

Kwa upande mwingine, wanaotaka tuondoke huhesabu maiti za mashambulio ya hapa nyumbani: za Westgate, 67, Septemba 2013. Za Mpeketoni mwaka uliofuata. Za Chuo Kikuu cha Garissa, 148, Aprili 2015. Za Dusit, 21, Januari 2019. Husema haya yametupata kwa sababu tuko Somalia. Wanaotaka tubaki huzihesabu maiti hizohizo na kusema ndiyo maana tuko Somalia. Wakumbushwe wote kwamba Nairobi ililipuliwa 1998 na Kikambala 2002, wakati hatukuwa na askari hata mmoja ng'ambo ile. Wanasiasa nao hugeuka kulingana na kiti walichokalia. Raila Odinga alikuwa Waziri Mkuu majeshi yalipovuka. Alipokuwa katika upinzani alitaka yarudishwe.

Hesabu ambayo kwangu ina uchungu zaidi ni ile tuliyonyimwa. Alfajiri ya tarehe 15 Januari 2016, kambi ya wanajeshi wetu ya El Adde, ndani ya Somalia, ilivamiwa na al-Shabaab. Siku kumi na mbili baadaye kulifanyika ibada ya kumbukumbu katika kambi ya Moi, Eldoret, na marais wa Somalia na Nigeria walikuwapo pamoja na wetu. Marais watatu walikuja kuomboleza, na wananchi hawakuambiwa wanaombolezewa wangapi. Uchunguzi wa shirika la habari la CNN ulifikia hesabu ya wanajeshi 141 au zaidi. Rais wa Somalia, Hassan Sheikh Mohamud, alitamka kwenye televisheni idadi iliyokaribia 200, kisha serikali yake ikaanza kurudi nyuma. Serikali yetu haikutoa idadi kamili. Mwandishi wa habari Yassin Juma, aliyesambaza habari za shambulio lile, alikamatwa. Mwaka mmoja baadaye ikawa zamu ya kambi yetu ya Kulbiyow. Jeshi likasema limepoteza tisa, al-Shabaab wakadai makumi, na mpaka leo kila mtu anaamini hesabu ya yule anayempenda.

Taifa linaloficha idadi ya wafu wake haliwezi kujadili kama vita vinafaa, kwa sababu mjadala wenyewe ni wa kupima gharama na faida. Mjane wa askari hupewa bendera, mazishi hufanyika kijijini, na kila kijiji hudhani msiba ni wake peke yake.

Kisha kuna pesa. Wahenga walisema vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Februari 2012 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipiga marufuku biashara ya makaa kutoka Somalia. Baada ya Kismayo kuanguka, wachunguzi wa baraza hilohilo waliripoti kwamba makaa yaliendelea kupakiwa melini. Mwaka 2015 ripoti ya shirika la Journalists for Justice ilidai maafisa wa jeshi letu walinufaika na makaa na sukari. Jeshi lilikanusha. Sina ushahidi wangu mwenyewe wa kuongeza, ila najua pa kuupimia: mbele ya kamati ya Bunge, mashahidi wakiwa wameapa. Na tusisahau kwamba Umoja wa Ulaya ulikuwa ukigharamia dola 1,028 kwa mwezi kwa kila askari wa AMISOM kabla ya kupunguza kiasi hicho mwaka 2016. Fedha za AUSSOM zimekuwa za kubahatisha tangu ianze. Nani atalipa wafadhili wakichoka? Swali hilo nalo halijajibiwa bungeni.

Sheria iko upande wetu. Katiba ya 2010, kifungu cha 240, inaliruhusu Baraza la Usalama wa Taifa kupeleka vikosi nje ya nchi kwa idhini ya Bunge, na inalitaka liripoti kwa Bunge kila mwaka. Kifungu cha 95 kinaliachia Bunge la Kitaifa kuidhinisha tangazo la vita. Bunge liliidhinisha Kenya kujiunga na AMISOM Desemba 2011, askari wakiwa wamekwisha kukaa ng'ambo kwa majuma kadhaa, na idhini ile haikuwekewa kikomo. Novemba 2022 tuliona mchezo uleule: askari waliagwa kwenda Kongo kwanza, wabunge wakapiga kura baadaye. Kule Kongo angalau Kinshasa ilikataa kuongeza muda, wakarudi Desemba 2023. Yaani mwisho wa safari ya jeshi letu uliamuliwa na wenyeji, si na sisi.

Linganisheni na Haiti. Mwanasiasa Ekuru Aukot na wenzake walikwenda mahakamani, na Januari 2024 Mahakama Kuu ikasema mpango wa kuwapeleka polisi ulikiuka Katiba. Polisi walikwenda hata hivyo katikati ya mwaka, kwa mkataba mpya. Lakini taifa zima lilibishana, kwenye matatu na misikitini na makanisani, kabla ndege haijaruka. Somalia imetugharimu zaidi na tumeijadili kidogo zaidi.

Sasa tufanye nini? Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi bungeni. Tuandike ombi moja, si mia, lisainiwe katika kaunti zote 47. Liitake Wizara ya Ulinzi iandike masharti ya kuondoka: maeneo gani yakishikwa na jeshi la Somalia, kwa muda gani, ndipo kikosi gani kirudi. Bunge lipige kura kila mwaka kuongeza muda au kuufunga, majina ya waliopiga yasomwe, na kura isipopigwa idhini ife. Ripoti za uchunguzi wa El Adde na Kulbiyow ziwekwe mezani, na majina ya waliokufa yatangazwe kwa ridhaa ya familia zao.

Na vikao vya kusikiliza maoni vianzie Mandera, Wajir, Garissa na Lamu, si katika hoteli za Nairobi. Watu wa huko ndio waliokosa walimu, waliokimbia baada ya basi la Mandera kushambuliwa Novemba 2014 na watu 28 kuuawa. Wavuvi wa Lamu ndio waliokatazwa kuvua usiku kwa miaka. Na mwaka 2015, katika Kaunti ya Mandera, abiria Waislamu ndio waliokataa kutenganishwa na wenzao Wakristo bunduki zikiwa zimewaelekea. Wakisema tubaki, tuwasikilize. Wakisema turudi, vilevile.

Wanajeshi wastaafu, mnaojua mambo ambayo sisi hatuyajui, njooni mtusaidie kuandika masharti yanayotekelezeka. Viongozi wa dini, wekeni karatasi za saini mlangoni baada ya ibada. Wanafunzi wa sheria, pitieni Hansadi mtafute kila ahadi iliyotolewa kuhusu Somalia tangu 2011, muiandike pamoja na jina la aliyeitoa. Mbunge akikwambia hayo ni siri za jeshi, mjibu kwamba idadi ya risasi na njia za misafara zibaki siri, lakini sababu ya kwenda na sharti la kurudi ni mali ya anayelipa kodi na anayezika. Kisha umwulize, mbele ya watu, atapiga kura gani, na jibu lake uliandike.