Injinia akisomea sheria, msimcheke

Wadau, kuna watu wanacheka wakisikia injinia karudi chuo kusoma sheria. Eti kapotea njia. Mimi sikubali.

Angalieni kesi za Huduma Namba kule Kenya. Tarehe 30 Januari 2020 Mahakama Kuu iliruhusu mradi uendelee kwa masharti: kwanza ziwepo kanuni za kutosha, tena serikali isikusanye DNA za watu wala vipimo vya GPS. Oktoba 2021 mahakama ikabatilisha utoaji wa kadi zenyewe, maana tathmini ya athari kwa data za watu haikufanyika, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaidai.

Sasa tathmini hiyo ataifanya nani? Lazima ujue data zinakaa wapi, nani anaweza kuzifungua, na zikivuja nani anaumia. Wakili asiyejua mitambo atapigwa chenga. Injinia asiyejua sheria hataona kifungu kilichovunjwa.

Bongo nasi tuna sheria ya taarifa binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023. Kwa hiyo kazi zinakuja.

Ngoma ni ada. Uinjinia miaka minne, halafu shahada ya sheria, halafu Shule ya Sheria ndo uitwe wakili. Mtoto wa mkulima atalipiwa na nani? Naona bora aanze kazi, sheria asomee Chuo Kikuu Huria huku mshahara unaingia. La sivyo, viti hivi watakalia watoto wa wakubwa peke yao.

Nyie mnasemaje?