Mkileta Top Gear Kenya, Ianzie Zombe

Wasee, kuna ombi haliishi kwa wapenda magari wa hii nchi: "Top Gear ije Kenya." Sawa, ije. Lakini ije vipi? Vile wengi wenu mnaiota, gari ya mamilioni ikinguruma Thika Road, droni juu, mtangazaji na lafudhi ya kuazima, hiyo si Top Gear Kenya. Hiyo ni Top Gear ya Uingereza imekuja likizo.

BBC walianza hicho kipindi 1977, wakakifufua upya 2002, kisha nchi zingine zikajitengenezea chao: Australia 2008, Marekani 2010, Korea Kusini 2011, Ufaransa 2015. Kenya haimo. Na hata Marekani, na pesa zao zote, haikuwa mteremko. NBC walirekodi kipindi cha majaribio wakakiacha, ndio History wakakichukua. Kama jina peke yake halikutosha kule, hapa litatosha aje?

Kwenye kipindi kilichoonyeshwa 2013, Clarkson, Hammond na May walipita huku kwetu. Walitoka Uganda, wakapitia Rwanda hadi Tanzania wakitafuta chanzo cha Nile, kila mtu na gari iliyotumika: BMW, Volvo, Subaru. Ilichekesha, sikatai. Lakini angalia kilichouzwa pale: gari kuukuu kwenye barabara mbovu. Kwao hayo ni maajabu. Kwa mtu wa Zombe, hiyo ndiyo njia ya kwenda sokoni.

Na hapo ndipo hoja yangu iko. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari iliyotumika ikipitisha miaka 8 tangu isajiliwe mara ya kwanza. Maana yake, "gari mpya" ya Wakenya wengi imeshaendeshwa miaka na Mjapani. Sasa unaniambia inafika kilomita 100 kwa sekunde ngapi ili iweje? Sisi tunauliza mengine. Inakunywa mafuta kiasi gani? Spea ziko Kitui mjini ama mpaka Kirinyaga Road? Nikikwama kifedha, nitaiuza kwa siku ngapi? Kipindi ambacho hakijibu hayo ni cha kutazama tu, si chetu.

Mnataka shindano? Chukua Probox, pikap ya Hilux na boda. Pakia magunia ya ndengu Zombe, mvua ya Novemba ikiwa imeshanyesha, peleka Kitui mjini. Nani anafika, mafuta ya pesa ngapi, nini kimevunjika, fundi amelipwa ngapi. 2003 BBC waliitosa Hilux baharini, wakaichoma, wakaiweka juu ya jengo lililobomolewa, na bado ikawaka. Dunia ikashangaa. Leteni hiyo Hilux kwenye mchanga wa mto Thua, halafu mumpe maikrofoni fundi wa jua kali anayejua kwa nini haikufa. Huyo ndiye mtangazaji wenu, na aongee Kiswahili chake na Kikamba chake bila kurekebishwa.

Najua mtasema: "Buda, TV ni ya kuota, nani anataka kuona Probox?" Nani amesema gari kuukuu haina ndoto? 1965 Joginder Singh na kaka yake Jaswant walishinda Safari Rally na Volvo PV544 iliyokuwa imeshatumika. Shujaa wetu wa hizo barabara alishinda na gari ya mkono wa pili. Hiyo hadithi ni yetu, na bado tunangoja Mzungu atusimulie ya kwake.

Lakini kuna kitu kimoja msikinakili: mzaha na mwendo. Miaka ya karibuni barabara zetu zimeua zaidi ya watu 4,000 kila mwaka. Hata hao wenye kipindi waliumia. Freddie Flintoff alipata ajali mbaya akirekodi Desemba 2022, na BBC wakakisimamisha. Probox iliyobeba watu tisa si kichekesho, ni mama ya mtu na watoto wa mtu. Sasa hapo kipindi kingefanya kazi ya maana: pima breki zake ikiwa na watu watano, kisha weka uzito wa watu tisa, mwendo ule ule. Onyesha inasimama wapi. Abiria akiona hiyo pengo kwa macho yake, kesho atakuwa na neno la kumwambia dereva.

Kwa hivyo stesheni ikitaka, inunue jina. Lakini ikishalinunua, isitupeleke tena Thika Road. Ikuje Zombe na viatu vya matope.

Wewe, gari gani ingebeba ndengu zako?