Moto ulichoma albamu, tusiache simu zimalize zilizobaki

Uliza picha za zamani katika nyumba nyingi za Burnt Forest, utajibiwa kwa mwaka. "Hizo zilienda 1992." Au, "Hizo zilienda na 2008." Hakuna anayeomba maelezo zaidi. Kwenye vita vya kikabila vya 1992, na tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu walitoka mbio na watoto na nguo walizovaa. Albamu nani angeikumbuka?

Kwetu ilipona picha moja tu, na haikuwa kwetu. Ilikuwa kwa jirani wa kabila lingine, ya siku ya harusi yake, shosho amesimama pembeni na sufuria. Miaka mingi baadaye aliileta mwenyewe. Ndiyo picha pekee niliyo nayo ya shosho akiwa msichana.

Basi nikaamua mimi ndiye nitatunza habari za familia. Chuo niliacha mwaka wa pili, cheti sina, lakini simu ninayo. Nikamkalisha guka, nikamrekodi dakika arobaini: alikotoka, alivyonunua shamba, nani alimficha usiku ule. Wiki tatu baadaye simu ikaibwa steji. Sikuwa nimeweka nakala popote. Guka naye akatuacha kabla sijamuuliza tena. Hapo siwezi kusingizia vita. Ni mimi.

Wasee, tuna maelfu ya picha kwa simu na bado tunaweza kubaki bila kumbukumbu. Tunadhani kitu kikishaingia mtandaoni kiko salama. Status ya WhatsApp hudumu saa 24. Google inakupa GB 15 za bure. Zikijaa, picha mpya haziingii. Na kwa sheria iliyoanza kutekelezwa Desemba 2023, inaweza kufuta akaunti ambayo haijatumika kwa miaka 2. Mzazi akifariki na nywila yake, hesabu imeanza.

Kwa hivyo wikendi hii, ukienda ocha, fanya hivi. Toa ile picha ya ukutani kwa fremu ili kioo kisimulike, uipige karibu na dirisha. Igeuze, upige na maandishi ya nyuma. Halafu muulize mzee jina la kila mtu, kutoka kushoto hadi kulia, ukimrekodi. Picha isiyo na majina, wajukuu wako wataiona kama ya wageni. Weka nakala pawili: moja mtandaoni, nyingine kwenye memori kadi inayokaa kwa ndugu mwingine, si kwako.

Lakini omba ruhusa kwanza. Hapa kwetu waliochomewa na waliochoma bado wanakutana sokoni. Akisema "zima hiyo kitu", zima. Kuhifadhi si kuposti, na machozi ya shosho si ya TikTok.

Mwisho, usiishie kwenu. Bisha kwa majirani, uulize kama kuna picha mliyotokea. Nao waonyeshe zenu. Jirani yetu alitutunzia shosho miaka yote hiyo ndani ya sanduku la bati, bila bando wala nywila. Sisi tulio na simu mfukoni tutajitetea vipi?