Ukiingia Pangoni, Jua Umeingia kwa Nani

Wanachuo wenzangu, msimu wa michango ya safari umefika tena. Kwenye makundi ya WhatsApp ya kila kitivo mjadala ni uleule: twende wapi, basi litakodiwa kwa bei gani, tisheti ziwe rangi gani, na picha zitatoka vipi. Sijasikia mtu akiuliza huko tunakokwenda ni kwa nani. Kwangu mimi hilo ndilo swali la kwanza, na naomba Wizara ya Michezo na Burudani ya serikali yetu ya wanafunzi ilisikie kabla bajeti haijapitishwa.

Nieleze wazo hili lilikonijia. Mwaka jana nilibahatika kusoma muhula mmoja New Zealand, katika mji wa Hamilton. Likizo ya katikati ya muhula ilipofika tukachanga watu wanne: mimi, dada mmoja Mkenya, kijana wa Fiji na mwingine wa India. Tukakodi kigari kidogo. Kule wanaendesha upande wa kushoto kama sisi, kwa hiyo dada yetu Mkenya alishika usukani bila wasiwasi wowote. Vituo vilikuwa viwili: mapango ya Waitomo, kama saa moja kusini mwa Hamilton, halafu Mount Maunganui, kitongoji cha pwani cha mji wa Tauranga, ng'ambo ya milima ya Kaimai.

Waitomo ni jina la Kimaori: wai ni maji, tomo ni shimo. Sisi Waswahili majina yao hayatusumbui ulimi, maana kila neno linaishia na irabu. Kilicho maarufu pale ni wadudu wanaotoa mwanga kwenye dari la pango. Usidhani ni vimulimuli wetu wa shambani. Kimulimuli ni jamii ya mbawakawa na anaruka na taa yake. Wa Waitomo ni funza wa nzi mdogo anayefanana na mbu. Anakaa darini kwa miezi kadhaa, anateremsha nyuzi nyembamba zenye matone ya kunata, kisha anawasha mwanga wa buluu mkiani. Mdudu mwingine aliyepotea gizani anafikiri ameona anga, anaufuata ule mwanga, ananasa, analiwa. Funza akishakuwa nzi kamili hana hata mdomo wa kulia. Anaishi siku chache tu, anajamiiana, anataga mayai, basi.

Mnaingia kwenye boti, hakuna injini. Mwongozaji anaivuta kwa mikono akishika kamba zilizofungwa juu. Simu zote mfukoni, picha hairuhusiwi, na kelele hairuhusiwi. Ukitazama juu unaona nukta za buluu maelfu kwa maelfu, na kinachosikika ni maji yanayodondoka. Nimerudi na picha sifuri za ndani ya lile pango, na bado ndilo eneo la New Zealand ninaloweza kukuelezea vizuri kuliko lolote nililolipiga picha.

Lakini sikuja kuhubiri kuhusu simu. Kilichonigusa zaidi ni historia aliyotusimulia mwongozaji kabla hatujapanda boti. Mwaka 1887 chifu wa Kimaori, Tane Tinorau, aliingia pangoni na mpimaji ardhi Mwingereza, Fred Mace, kwa chelezo na mishumaa. Wenyeji walikuwa wanalijua pango siku zote, ila ndani kabisa hawakuwa wamekwenda. Kufikia 1889 Tinorau alishaanza kupokea wageni kwa kiingilio kidogo, yeye na mkewe Huti wakiwaongoza. Yaani utalii wa pale ulianza kama biashara ya mwenye nyumba.

Baadaye wageni wakaanza kuharibu, na mwaka 1906 serikali ikachukua usimamizi. Hebu tafakari hapo kidogo. Walioharibu ni wageni, aliyepoteza ni mwenyeji. Ikapita miaka zaidi ya themanini. Mwaka 1989 ardhi na pango vikarudishwa kwa wazao wa wenyeji wale. Leo wanapata sehemu ya mapato, wanashiriki kwenye usimamizi, na wengi wa wafanyakazi pale ni wa ukoo huohuo. Mwongozaji wetu alikuwa mmoja wao. Alipotuambia msiguse ukuta hakuna aliyegusa, kwa sababu tulijua anayesema ni mwenye nyumba, hajakariri tu mistari ya kitabu cha wageni.

Na sheria zao zina maana. Pumzi za watu wengi zinaongeza hewa ya kaboni dioksidi. Hewa hiyo ikichanganyika na unyevu inakuwa tindikali hafifu, na tindikali inakula mawe ya chokaa yaliyochukua maelfu ya miaka kujijenga. Kwa hiyo pangoni kuna vipimo vya hewa, na kiwango kikizidi wageni wanasimamishwa. Ni biashara iliyokubali kukataa hela ili kesho iwepo.

Kutoka pale tukakata milima hadi Mount Maunganui. Ni kitongoji cha maghorofa yanayotazama mchanga mweupe, mikahawa, na vijana wenye mbao za kuteleza juu ya mawimbi. Mwishoni mwa ufuko kuna mlima wa volkano iliyozimika, mita 232, ambao Wamaori wanauita Mauao, maana yake aliyenaswa na alfajiri. Hadithi yao inasema ulikuwa mlima usio na jina, ulikataliwa kimapenzi, ukaomba viumbe wa usiku wauburute hadi baharini ukajizamishe. Kukapambazuka kabla hawajafika, ukabaki pale pale ufukweni. Nao mlima huu ulinyang'anywa katika karne ya 19 baada ya vita vya ardhi, na mwaka 2008 umiliki ukarudishwa kwa makabila ya eneo hilo. Wageni tunapanda bure, kwa miguu.

Ufuko ule una kumbukumbu nyingine. Oktoba 2011 meli ya makontena iitwayo Rena iligonga mwamba wa Astrolabe karibu na pale, mamia ya tani za mafuta yakavuja, na ndege wa baharini wakafa kwa wingi. Maelfu ya watu walijitolea kuzoa mafuta mchangani kwa mikono na koleo. Watu hufanya hivyo mahali wanapopahesabu kuwa ni pao.

Sasa asije mtu akasema nimerudi kusifia ng'ambo. Kule nako kuna kasoro, na niliziona. Kiingilio cha Waitomo kilikuwa kikubwa kiasi kwamba kijana wetu wa Fiji alibaki nje akitusubiri kwenye gari. Na Mount Maunganui, mlima umerudi kwa wenyewe lakini viwanja vilivyo chini yake ni vya wenye pesa. Kurudisha pango ni jambo moja, haki kamili ni jambo jingine. Hata hivyo hatua waliyopiga inaonekana kwa macho: mgeni anapokelewa na mwenyeji, anaelezwa na mwenyeji, na sehemu ya hela inabaki kwa mwenyeji.

Turudi kwetu. Mimi ni wa Tanga. Kilomita kama nane kutoka mjini kuna mapango ya Amboni, nayo ya mawe ya chokaa. Hayana funza wa kung'aa, yana popo, na yana chumba ambacho hadi leo watu wanakwenda kuomba na kuacha sadaka. Ukitoka huko unarudi mjini hadi Raskazone, kitongoji chetu cha pwani, unaogelea, unakula samaki, unatazama meli zinazoingia bandarini. Ukiondoa wale funza, ni safari ileile niliyokwenda kuifanya upande wa pili wa dunia.

Na sisi tuliifanya, safari ya mwaka wa kwanza, basi zima. Tulifika saa sita mchana tumechelewa. Mwongozaji, mzee mmoja mtaratibu sana, akaanza kueleza. Nusu ya watu hawakuwa wanasikiliza, spika ilikuwa inapiga muziki. Kwenye chumba cha sadaka wenzetu wakapiga selfi wakicheka vile vitambaa na chupa za marashi, kana kwamba imani ya mtu ni pambo la ukumbi. Mmoja akaandika jina la kozi yake ukutani kwa mkaa. Dakika arobaini tukatoka. Chakula tulikuwa tumebeba maboksi kutoka Dar, maji tumebeba kutoka Dar. Akina mama waliokuwa na madafu na mihogo ya kukaanga nje walituangalia tukipanda basi. Tanga ilichopata kwetu ni kiingilio, makopo na ule mkaa ukutani.

Najua majibu yatakayokuja. La kwanza: jamani, sisi wanafunzi, bumu lenyewe halitoshi, unatutaka tuwe wafadhili? Hapana. Boksi la chipsi kuku la Dar lina bei yake, na sahani ya wali samaki ya mama ntilie wa Tanga haizidi hapo. Hela ni ileile, inabadilisha mfuko tu. La pili: picha zetu zinatangaza utalii wa ndani. Kweli, zingine zinatangaza, sikatai. Lakini picha ya mtu ameficha pango zima nyuma ya tisheti ya kitivo inatangaza tisheti.

Kuna jibu la tatu ambalo nalichukulia kwa uzito zaidi: kwamba kulinda mapango ni kazi ya serikali, sio ya mwanafunzi aliyekuja kupumzisha akili baada ya mitihani. Nakubali serikali ina kazi yake. Ila kumbuka ya Waitomo. Pango lilitoka mikononi mwa mwenyeji kwa sababu ya mikono ya wageni. Kila tunapoandika ukutani tunampa mtu mwingine sababu ya kufunga geti, na atakayefungiwa kwanza sio sisi wenye basi la kukodi. Ni yule mzee, na yule bibi anayekwenda kuomba mjukuu wake apone.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu, na nayaleta kwa wizara rasmi. Moja, kwenye kila safari mwongozaji mwenyeji apangiwe muda usiopungua saa moja, alipwe vizuri, na spika ibaki kwenye basi. Mbili, chakula cha mchana kinunuliwe kule tunakokwenda, kwa makubaliano ya mapema na wapishi wa hapo ili wasishtukizwe na watu sitini. Tatu, kwenye maeneo ya ibada simu ziingie mfukoni, na atakayechora au kuandika ukutani asipate nafasi safari ijayo. Hakuna hata moja hapo linaloongeza mchango kwa kiasi cha kumfanya mtu abaki hosteli.

Kikao cha bajeti ni cha wote, wabunge wetu wa vitivo wanajulikana, vyumba vyao vinajulikana. Ukikutana na wa kwenu kantini muulize swali moja kabla hajakuonyesha rangi ya tisheti: safari hii, tunakwenda kwa nani?