Programu Isiyofungwa na Nyumba ya Mtungaji

Wanafunzi wa sekondari wanaojifunza kutunga programu za kompyuta wana tabia moja ambayo yafaa ikomeshwe mapema, nayo ni kuandika ndani ya programu njia kamili ya faili, kuanzia mzizi wa diski hadi folda ya nyumbani ya mtungaji mwenyewe.

Tuchukue mfano. Asha ameielekeza programu yake isome alama katika C:\Users\asha\alama.txt. Kwake inafanya kazi barabara. Ikihamishiwa kompyuta ya mwalimu inakwama, kwa kuwa huko hakuna Asha. Katika Linux, ambako kwa kawaida nyumba za watumiaji huwekwa chini ya /home, itakwama vilevile. Windows nayo ilibadilika: katika XP folda hizo zilikaa ndani ya Documents and Settings, tangu Vista, iliyotolewa kwa umma mwaka 2007, zimekaa ndani ya Users.

Dawa ni kuiuliza kompyuta. Mifumo ya jamii ya Unix huhifadhi jibu katika kigeu kiitwacho HOME, na lugha ya Python, tangu toleo la 3.5 la mwaka 2015, hulitoa kwa amri Path.home().

Hata hivyo, jibu hilo halina budi kuhakikiwa. Januari 2015 iligunduliwa kasoro katika programu ya Steam ya Linux. Amri yake moja ilifuta kila kilichokuwa chini ya folda iliyotajwa na kigeu fulani. Kigeu kilipokuwa kitupu, njia ilibaki mkwaju mmoja tu, yaani mzizi wa mfumo mzima, na mafaili ya mtumiaji yakateketea.

Wapo wasemao kwamba haya ni mambo madogo, na kwamba mwanafunzi ajifunze kwanza mantiki. Sikubaliani nao. Jaribio la kemia lisiloweza kurudiwa katika maabara nyingine hatulihesabu kuwa sayansi. Kwa nini basi tuipe alama kamili programu inayotii kwa mtungaji wake peke yake?

Napendekeza kanuni moja kwa walimu: kabla ya kusahihishwa, kila zoezi liendeshwe kwanza katika kompyuta ya mwanafunzi mwingine. Kanuni hiyo haina gharama, nayo itafichua kasoro hii siku ileile.