Dawa Ikishindwa, Hoja Haijafa

Mwaka 1906 daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, alieleza mambo mawili aliyoyaona kwa darubini katika ubongo wa mwanamke aliyefariki akiwa amepoteza kumbukumbu: mabaka nje ya seli za neva, na mafundo ya nyuzinyuzi ndani yake. Leo yajulikana kuwa mabaka hayo ni ya protini iitwayo amiloidi, na mafundo ni ya protini iitwayo tau.

Tau si adui kwa asili yake. Katika seli yenye afya huimarisha mirija midogo mno inayosafirishia mahitaji ya seli. Katika ugonjwa wa Alzheimer hubanduka kwenye mirija hiyo, ikashikamana na kufanya mafundo. Wataalamu wengi hudhani kuwa tau mbovu huhama kutoka seli moja hadi nyingine. Ndiyo maana zikaundwa kingamwili, yaani protini za kinga, ili ziinase njiani.

Mojawapo, gosuranemabu, ilipunguza sana tau iliyo huru katika maji ya ubongo na uti wa mgongo. Hata hivyo, mwaka 2021 ilitangazwa kuwa haikuchelewesha ugonjwa. Tilavonemabu nayo haikufaulu.

Kuhitimisha kuwa tau haina hatia ni kufanya haraka. Kingamwili hizo zilishika ncha moja ya tau, ilhali sehemu inayojenga kiini cha fundo iko mbali na ncha hiyo. Aidha, kingamwili ni molekuli kubwa: kiasi kidogo tu hutoka katika damu na kufika ubongoni, na tau nyingi imo ndani ya seli, mahali pagumu kufikika.

Lakini watetezi wa tau nao wasijipongeze mapema. Mwaka 2024 ilielezwa kuwa bepranemabu ilipunguza kasi ya kulimbikana kwa tau katika picha za ubongo, ila haikufikia kipimo kikuu cha hali ya wagonjwa. Picha njema si uponyaji. Mgonjwa ahitaji kuwatambua wanawe na kuvaa nguo bila msaada.

Basi mwanafunzi asomapo habari ya dawa mpya hana budi kuuliza maswali matatu. Je, ilifika? Je, ilishika panapostahili? Je, mgonjwa alinufaika? Jaribio lililoshindwa, likiulizwa hivyo, huelekeza hatua ifuatayo. Anayelitupa bila kuliuliza amepoteza funzo lililogharimiwa na wagonjwa wenyewe.