Mwanagenzi, fuga maji kabla ya kufuga samaki

MSOMAJI, bila shaka umewahi kusikia watu wakisifu ufugaji wa samaki uani. Siku hizi sifa hizo zimezidi kwa sababu ya mtindo uitwao akwaponiki, ambapo samaki huwekwa tangini na mboga kukuzwa kwa maji yayo hayo, pasipo udongo.

Wazo hilo ni jema, na sikusudii kumvunja moyo yeyote. Lakini nasema hivi: anayeanza kwa kununua samaki ameanzia mwisho. Anza na maji. Usipoyajua maji yako, tangi la uani laweza kukuletea malaria, kichocho au sumu badala ya kitoweo.

Utauliza, mtu wa Homa Bay au Migori ahangaikie tangi la nini ilhali Ziwa Victoria li pale karibu? Nenda sokoni ukajionee. Mbuta aliyetiwa ziwani tangu miaka ya 1950 aliwala samaki wengi wa asili, na minofu yake mingi huuzwa ng'ambo. Ngege naye si samaki wa kila meza tena. Familia nyingi hushukuru zikipata omena, ambaye kwa kweli ana lishe nzuri.

Kwa hivyo mama mwenye kiwanja kidogo mjini Migori, Rongo au Oyugis ana sababu ya kutaka samaki wake na sukuma wiki yake mwenyewe. Watoto wanahitaji protini na mboga za majani. Nawe unayeishi Nairobi au Kisumu, na unafikiria kuwajengea wazee tangi huko nyumbani, maneno haya yanakuhusu pia.

Acha tuone jinsi mtindo huu unavyofanya kazi. Samaki akila hutoa uchafu wenye amonia, na amonia ikizidi humuua. Bakteria wanaojishika kwenye kokoto huigeuza amonia kuwa naitriti, ambayo bado ni sumu kwa samaki, kisha kuwa naitreti, ambayo ni mbolea. Mboga huifyonza mbolea hiyo na maji hurudi kwa samaki yakiwa yamesafika.

Hapo ndipo wanagenzi wengi hujikwaa. Bakteria hao hawanunuliwi pamoja na tangi. Huchukua wiki nne hadi sita kuzaana vya kutosha. Mtu akijaza maji Jumamosi na kutia samaki 100 Jumapili, asishangae wakielea matumbo juu kabla ya mwezi kwisha. Hakuna aliyewaroga.

Ndiyo maana nasema fuga maji kwanza. Jaza tangi, weka kokoto, tia samaki wachache mno, uwape chakula kidogo na ungoje. Vipo vifaa vidogo vya kupimia amonia na naitriti, na vipimo hivyo viwili vikishuka karibu na sufuri ndipo uongeze samaki polepole.

Kwa kipimo, kitabu cha Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) cha mwaka wa 2014 kuhusu akwaponiki ndogo kinashauri samaki wasizidi kilo 20 kwa lita 1,000 za maji. Mimi namshauri mwanagenzi achukue nusu yake, yaani samaki 20 hivi wenye uzani wa nusu kilo kila mmoja wakikomaa. Gramu 40 hadi 50 za chakula cha samaki kwa siku hutosha kustawisha mita moja ya mraba ya mboga za majani, kwa hivyo samaki hao waweza kulisha mita mbili za mraba au zaidi.

Usisahau stima. Tangi lenye samaki wengi hutegemea pampu, na stima ikipotea kwa saa chache samaki hukosa hewa wakafa. Wakiwa wachache, una nafasi ya kuwaokoa kwa kuchota maji kwa ndoo na kuyamwaga tena kutoka juu.

Kwa maoni yangu, asiye na pesa za pampu asikope. Aanze kwa kumwagilia osuga na sukuma wiki kwa maji ya tangi la samaki, shambani kwenye udongo, na kujaza mengine safi. Hiyo si akwaponiki kamili, lakini itamfunza tabia ya maji kwa gharama ndogo.

Sasa tuje kwenye afya, ambayo wauzaji wa matangi huitaja kwa nadra.

Jambo la kwanza ni mbu. Uchunguzi wa kitaifa wa malaria uligundua kwamba katika maeneo ya ziwa, asilimia 27 ya watoto waliopimwa mwaka wa 2015 walikuwa na vimelea. Mwaka wa 2020 walikuwa asilimia 19. Si bure kwamba chanjo ya malaria ilizinduliwa nchini katika Kaunti ya Homa Bay, Septemba 2019. Katika eneo kama hilo, maji yaliyotuama uani ni jambo la kuangaliwa.

Samaki wenyewe ni walinzi wazuri. Mwaka wa 2007 watafiti walichapisha matokeo ya jaribio katika vidimbwi vilivyotelekezwa huko Kisii ya Kati. Walipotia ngege, viluwiluwi vya mbu wa malaria vilipungua kwa zaidi ya asilimia 94 katika muda wa wiki 15. Fikiria basi maana ya kinyume chake: kidimbwi ambacho samaki wamekufa na mwenyewe amekata tamaa ni kitalu cha mbu.

Tumeyaona hayo. Mwaka wa 2009 serikali ilianzisha mpango wa kuchimba vidimbwi 200 katika kila mojawapo ya maeneo bunge 140. Vilichimbwa kwa shangwe, lakini vingi baadaye viliachwa. Ukishindwa na ufugaji, mwaga maji na ufunike tangi siku hiyo hiyo.

La pili ni kichocho. Ugonjwa huu umeenea kando ya ziwa, na huletwa na konokono wa majini. Ukichota maji ya ziwa ukayamwaga tangini, waweza kuwahamishia konokono hao uani, wanako wanao wanaochezea maji. Tumia maji ya mvua au ya bomba. Kama huna budi kutumia ya ziwa, yachuje kwa kitambaa ili konokono wasipite, kisha yaache kwa siku mbili bila mtu kuyagusa. Vijidudu vya kichocho hufa visipompata binadamu katika muda huo. Hata maji ya bomba yakikaa wazi siku moja au mbili, klorini inayodhuru samaki hupungua.

La tatu ndilo linalonitia hofu zaidi, nalo ni zebaki. Katika Nyatike, pande za Macalder na kwingineko, wachimbaji wadogo hutumia zebaki kunasa dhahabu. Mabaki yake huoshwa na mvua hadi kwenye vijito na mito. Zebaki ikifika kwenye tope, bakteria huigeuza kuwa sumu kali zaidi inayoingia mwilini mwa samaki na kurundikana humo.

Sumu hiyo haina harufu, wala haitoki kwa kukaanga au kuchemsha. Humdhuru hasa mtoto aliye tumboni, kwa kuharibu ubongo wake. Dunia ilijifunza hayo kwa uchungu kule Minamata, Japani, ambako ugonjwa uliotokana na kula samaki wenye zebaki ulitambuliwa mwaka wa 1956.

Kwa hivyo, ewe mkazi wa Migori, usijaze tangi lako kwa maji ya kijito kinachotoka machimboni, wala usitumie kokoto zilizosagwa huko. Afadhali ukose samaki kuliko kumlisha mjamzito sumu.

Yapo pia mambo madogo yenye uzito. Usinunue pipa lililobeba dawa za kilimo au kemikali, hata likiuzwa kwa bei ya kutupa. Usipulizie mboga dawa ya wadudu, maana itawafikia samaki. Zuia kuku na bata wasikaribie, na usitie kinyesi chao majini, kwa sababu hubeba viini vya kuharisha. Osha mboga kwa maji safi kabla ya kupika. Zaidi ya yote, funika tangi kwa wavu imara. Mtoto mchanga anaweza kuzama katika maji yasiyofika magotini mwako.

Nina ombi pia kwa serikali za kaunti za Migori na Homa Bay. Badala ya kugawa vifaranga na matangi kwa hotuba na picha, zianze kwa kupima maji ya visima na vijito na kuwatangazia wananchi matokeo. Kituo cha Kegati kilichoko Kisii, cha taasisi ya serikali ya utafiti wa bahari na samaki, hakiko mbali. Ujuzi upo, unahitaji kufikishwa uani kwa mama.

Msomaji, wahenga walisema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Ukiamua kufuga samaki, fuga. Lakini kabla ya kuvua nguo, yatazame maji hayo, uulize yanatoka wapi na yamepitia wapi. Mpe bakteria mwezi wake. Ngege atakuja, na sukuma wiki itafuata.